Siku moja Mysore, kusini mwa India, inatosha kuona kasri lake?

Inatosha, dada, ila chagua Jumapili. Umesema unatokea Bengaluru: ni kama kilomita 145, panda treni ya asubuhi.

Kasri la wafalme wa Mysore, hili la sasa, si la kale sana. Lile la zamani lilikuwa la mbao, likateketea kwa moto mwaka 1897, wakati wa sherehe za harusi ya binti wa ukoo wa Wodeyar, watawala wa Mysore. Hili lililopo lilichorwa na Mwingereza Henry Irwin, likakamilika 1912. Viatu unavua nje, kwa hiyo vaa vya kuvulika upesi. Jua la mchana huchoma mawe ya uani.

Ndani usikimbilie ukumbi wa baraza peke yake, ingawa nguzo zake zinavutia. Kaa kwenye ukumbi wa ndoa, ule wa pembe nane. Inua macho: dari ni vioo vya rangi vilivyotengenezwa Glasgow, vimejaa tausi. Kisha tazama sakafu, tausi wapo na huko. Mimi nilisimama pale hadi shingo ikaniuma, na ningerudi hata kesho.

Sasa sababu ya Jumapili: jioni, kama saa moja hivi, kasri zima huwashwa taa karibu laki moja kwa mkupuo. Watu wote uwanjani huguna pamoja. Ukiweza kwenda Septemba au Oktoba wakati wa Dasara, sikukuu ya Kihindu, taa huwaka kila usiku wa sikukuu, lakini vyumba vya wageni huadimika, weka nafasi mapema.