Gari Florence? Liache nje ya mji
Ndugu, kama unatafuta pa kupaki Florence, Italia, usiingie na gari katikati. Mji wa kale karibu wote ni ZTL, eneo la magari yenye kibali, na kamera zinapiga picha namba ya gari kimyakimya. Faini inakufuata hadi nyumbani kupitia waliokukodisha. Ukiona kibao kinawaka "varco attivo", yaani lango la ZTL linafanya kazi, geuza.

Ukija kwa barabara kuu ya A1, ingia maegesho ya Villa Costanza. Unapaki bila hata kutoka kwenye barabara ya kulipia, unapanda tramu T1 hadi stesheni ya Santa Maria Novella, halafu Duomo, kanisa kuu la mji, ni mwendo mfupi tu wa miguu. Raha mustarehe!

Hoteli ikiwa ndani ya ZTL, waombe mapema waandikishe namba ya gari lako.