"Mke wangu ananipiga. Niende wapi?"

Shikamoo Mama. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, nina karakana ndogo Pasua hapa Moshi. Nina miaka 37, mke mmoja na mtoto wa kiume wa miaka minane. Mke wangu alianza na matusi, yakaja makofi, na tangu mwaka jana anatumia chochote kilicho karibu: mwiko, chupa ya chai, pasi. Mwezi uliopita alinimwagia uji wa moto kwa nyuma, nikaungua bega na shingo. Hospitali nilisema nimejimwagia mwenyewe. Nilipojikaza kwenda polisi, aliyenipokea aliwaita wenzake waje wanitazame, akaniuliza, "Mwanaume mzima?" Nikaondoka. Sijawahi kumrudishia hata kofi. Siku hizi nikirudi jioni, mwanangu huchungulia kwanza dirishani, anaangalia mama yake yukoje, ndipo ananipungia mkono niingie au nisubiri. Je, sheria inanitambua? Na nikiondoka, nitampoteza mtoto?
*Fundi, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Kabla ya sheria, kuna jambo langu lazima nikuambie. Krismasi ya mwaka 1998 kaka yangu alikuja nyumbani Old Moshi kutoka Dar es Salaam, kama tunavyorudi wote kila Desemba. Mkono ulikuwa kwenye hogo. Tumekaa mgombani, kata ya mbege inazunguka, shemeji yetu akamuuliza kulikoni. Kaka akasema kweli tupu: "Mke wangu alinipiga na mchi." Tukacheka. Wote tulicheka, na mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikidhani anatania. Aliiweka kata chini, akainuka akaenda kulala saa moja jioni. Hakuja tena Krismasi saba mfululizo. Leo ni mwaka wa 14 nafanya kazi ya msaidizi wa kisheria, na kila mwanaume anayekaa mbele yangu akikunja kofia mikononi bila kusema, namwona kaka.

Kwa hiyo yule aliyekuuliza "mwanaume mzima" alikosea, tena alikosea mbele ya sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Sheria imesema mwenzi, na mwenzi ni wewe kama ambavyo ni yeye. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 241, inamhesabu kuwa na kosa anayemshambulia mtu na kumdhuru mwilini, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Hapo pia ni mtu. Na Katiba, ibara ya 13, inatuweka wote sawa mbele ya sheria. Hakuna haja ya kusubiri sheria ya wanaume itungwe. Shida yako iko kwa yule mwenye kalamu, aliyekataa kuandika.

Rudi. Safari hii usiende peke yako. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, mjumbe wenu au kiongozi wa dini, na usiishie kaunta. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto lilipo. Watu wengi wanadhani hilo ni dawati la akina mama, na baadhi ya askari wanadhani hivyo hivyo, lakini jinsia ni yako pia. Omba maelezo yako yaandikwe, upewe namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako polisi, na fomu ya polisi ya PF3 uipeleke hospitali. Wakikukatalia, omba kwa utulivu kumwona mkuu wa kituo. Asipokusikiliza, nenda halmashauri kwa afisa ustawi wa jamii. Hospitali sema ukweli sasa, hata kama ulisema uongo mwanzo. Daktari anaijua alama ya uji uliomwagwa kwa nyuma. Mtu hajimwagii kisogoni. Piga picha kovu likiwa bado jekundu. Shati ulilovaa siku ile, kama hujalifua, lifunge kwenye mfuko wa karatasi uliweke.

Ukitaka kuachana naye, ujue mahakama haitapokea shauri la talaka kabla hamjapita baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Pale barazani usione aibu kutaja pasi na uji kwa majina yake. Ukatili, wa mwili au wa akili, ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama inayatazama kuona kama ndoa imevunjika, na haulizi umetoka kwa mume au kwa mke.

Mtoto. Hapa ndipo naona umeshikwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Huko mtaani wamekuambia mtoto ni wa mama, basi. Si hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinatanguliza ustawi wa mtoto. Kipo kipengele kinachochukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, lakini hata hicho kinaweza kupingwa kwa ushahidi, na mwanao ana miaka minane. Mahakama inaweza pia kusikiliza anachotaka yeye mwenyewe, akiwa na akili ya kujieleza. Mtoto anayemlinda baba yake dirishani kila jioni anajua kujieleza. Kwa hiyo usihamie karakanani ukamwacha, halafu baadaye ukashangaa kuambiwa ulimtelekeza. Kabla hujatoka, mweleze afisa ustawi, aandike kwa nini unatoka na mtoto anabaki na nani.

Na mkono wako uendelee kukaa chini. Najua umenyamaza sana. Siku utakayorudisha kofi, maelezo yote yataanzia kwenye kofi hilo.

Mama, mimi ni nesi. Nimekusikia mara mbili ukiwatetea wanaume. Kila wiki napokea wanawake waliovimba macho. Ukiwafungulia wanaume mlango, hicho kidogo tulichopata hakitagawanywa?
*Nesi, Sakina, Arusha*

Hofu yako ni ya kweli, binti yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Sitasema hata siku moja kwamba mzigo uko sawa.

Lakini tazama mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017/18, ule MTAKUWWA. Jina lenyewe ni kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Sipingi. Napinga kwamba askari au nesi aliyefundishwa kwa jina hilo, akiletewa fundi wa Pasua, hana mahali pa kumweka, basi anacheka. Sitaki dawati la pili wala bajeti ya pili. Nataka mwongozo wa mapokezi useme "aliyeumizwa", na daftari liwe na safu ya mume kama lilivyo na ya mke.

Kubwa zaidi, nchi yetu haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Uganda wanayo tangu 2010. Kenya, ukivuka tu Namanga, walitunga yao 2015: anayeumizwa nyumbani, awe mke, mume, mzazi au mtoto, anaweza kuomba mahakama impe amri ya ulinzi, na mpigaji akazuiwa kumkaribia. Tukipata sheria kama hiyo, wanawake wako wa kila wiki ndio watakaokuwa wengi kwenye foleni ya kuitumia. Fundi atakuwa nyuma yao, na haki yake haitapunguza yao hata kidogo.

Wakati tunasubiri, nakuomba jambo moja. Mwanaume akija zamu yako na bega limeungua, akasema amejimwagia uji mwenyewe, vuta pazia, keti, umuulize tena taratibu.