Kilo 115 na baiskeli ya resi ya kwanza

Mkuu, umeuliza kama na kilo zako 115 unaweza kuendesha baiskeli ya resi bila kuivunja. Unaweza kabisa, wala usisubiri eti upungue kwanza. Fremu si ishu sana, ya alumini au chuma inatosha, ila soma kikomo cha uzito alichoweka mtengenezaji maana mara nyingi anahesabu wewe, baiskeli na mzigo kwa pamoja. Kinachotutesa sisi wazito ni rimu ya nyuma, ndo inabeba uzito mwingi, spoku zikiwa chache zinaanza kukatika moja moja (mimi zilikatika tatu ndani ya mwezi, nikarudi home nasukuma), so tafuta yenye spoku 32 au 36 na fundi azikaze tena baada ya safari za mwanzo. Tairi nyembamba za upana wa milimita 23 achana nazo, hakikisha fremu inapitisha hata za milimita 32, na upepo upime kila ukitoka. Gia nyepesi za kupandia vilima ni lazima, sproketi (duara la meno linaloshika mnyororo) kubwa ya nyuma iwe na meno 34 hivi. Breki za diski kama hela inaruhusu. Na kiti laini kama godoro kisikudanganye, utajuta kilomita ya 20.