Roboti ya kufagia inasema leza imezibwa na ramani imepinda: pima kwanza kabla hujanunua kichwa kipya

Mkuu mleta mada, nimekuelewa hivi: roboti yako huanza kazi vizuri, baada ya dakika chache inazunguka palepale na kutangaza kwamba sensa ya leza imezibwa. Ramani kwenye simu inaonyesha sebule mara mbili, ya pili imelala upande. Na ikifika kwenye zulia jeusi inarudi nyuma kana kwamba imeona shimo. Sasa unataka kuagiza kichwa kipya cha leza, yaani kile kiduara kinachozunguka mgongoni mwake. Subiri kidogo. Dalili hizo tatu hazitoki sehemu moja, na hiyo ya zulia haihusiani na leza hata kidogo.

Nimefungua mashine hizi nyumbani kwa miaka kadhaa, za kwangu na za ndugu wanaoniletea, na mara nyingi leza yenyewe naikuta nzima. Kinachosumbua ni nywele, vumbi, mkanda uliolegea, gurudumu linaloburuza, au kioo kikubwa kilichoegemezwa ukutani. Mashine haina namna ya kukueleza hayo yote. Ina orodha fupi ya maneno ya kutamka, basi inachagua lililo karibu.

Kwanza hakikisha una roboti ya aina gani, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unachanganya aina tofauti. Roomba ya kwanza ya mwaka 2002 haikuwa na ramani kabisa: iligonga, ikageuka, ikaendelea. Neato XV-11 iliyotoka 2010 ilileta leza inayozunguka kwenye mashine za bei ya nyumbani, na Roomba 980 ya 2015 ikaja na kamera mgongoni badala ya leza. Yenye kamera inahitaji mwanga chumbani, ukizima taa inapotea. Yenye leza inafanya kazi hata gizani. Na zipo za bei ya chini zisizo na leza wala kamera, zinategemea magurudumu na jairoskopu tu, yaani kifaa cha kupima mgeuko. Hizo ramani yake kupinda ni kawaida, usijisumbue nazo sana. Ya kwako ina kichwa kinachozunguka, kwa hiyo nitabaki hapo.

Roboti ya leza hujua ilipo kwa kusikiliza mashahidi wawili. Wa kwanza ni kichwa: kinazunguka kama mara 5 kwa sekunde, na katika kila mzunguko kinapima umbali wa kuta na samani pande zote. Kwenye vichwa vingi leza hutupa nukta ya mwanga usioonekana kwa macho, lenzi iliyo pembeni inatazama nukta hiyo imeangukia wapi, na pembe iliyopatikana ndiyo inayotoa umbali. Shahidi wa pili yuko chini: kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko, na ndani kuna jairoskopu inayopima mashine imegeuka digrii ngapi. Programu inachukua maelezo ya wote wawili na kuchora ramani. Wakikubaliana, unapata ramani safi. Wakipingana, unapata sebule mbili. Kazi yako ni kujua nani anadanganya, na bahati nzuri ramani yenyewe inakuonyesha.

Fanya hivi. Chagua chumba chenye kuta nne zilizonyooka na vitu vichache, ianzishe kutoka kwenye kituo chake cha chaji, kisha kaa na simu uitazame ramani inavyochorwa. Usiiache ukaenda kufanya mengine, maana ramani iliyokamilika inaficha wapi mambo yalianza kuharibika.

Ukiona kuta zimenyooka lakini ni nene, zina ukungu, na kuna vinukta vinavyoelea katikati ya chumba, mtuhumu shahidi wa juu. Lenzi ina vumbi au alama ya kidole. Kuta za mbali ndizo huharibika kwanza, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka mbali ni hafifu na pembe inabadilika kidogo sana, hivyo uchafu kidogo tu unatosha kuvuruga kipimo. Kumbuka kichwa kina madirisha mawili, moja la kutolea mwanga na jingine la kuupokea, na watu wengi husafisha moja tu.

Ukiona chumba kimechorwa vizuri, kisha mashine ikageuka kona na kuta zikaanza kuchorwa upya kwa kuinama, hapo leza inaona sawasawa ila imeambiwa mashine imegeuka zaidi au pungufu. Huyo ni shahidi wa chini. Dalili yako ya sebule mbili naiweka hapa, na ndiyo maana nakuambia kichwa kipya huenda kisikusaidie lolote.

Ukiona ramani iko sawa mpaka inapovuka kizingiti cha mlango au kupanda zulia nene, kisha inaruka ghafla, basi hakuna kilichoharibika. Leza inaona mstari mmoja tu wa mlalo, kwenye usawa wa kichwa. Mashine ikiinuka mbele, mstari huo unaelekea juu ya samani, na ikiinama unagonga sakafu na kuiona kama ukuta. Wakati huohuo magurudumu yanaserereka, yanahesabu mizunguko ambayo haijaisogeza mashine. Mashahidi wote wawili wanakosea kwa pamoja. Tafuta kipande cha mteremko uweke kwenye kizingiti, au uzuie sehemu hiyo kwenye ramani.

Na ukiona chumba cha ajabu nyuma ya ukuta, chumba ambacho hakipo, una kioo cha kujitazamia. Leza inapiga kioo, inarudi na picha ya chumba hichohicho kana kwamba kiko nyuma ya ukuta, na roboti inaamini kuna nafasi ya kwenda. Milango ya vioo inafanya karibu hivyohivyo, mwanga unapita moja kwa moja. Miguu ya viti ya chuma king'aavu inarusha mwanga pembeni, na samani nyeusi zinazong'aa zinaumeza. Kuweka eneo la marufuku kwenye programu ya simu kunazuia mashine isiende huko, lakini hakuzuii leza kuona huko. Dawa ni kubandika ukanda wa karatasi au stika isiyong'aa kwenye kioo, usawa uleule wa kichwa cha roboti. Unaweza kuubandika wakati wa kuchora ramani tu, lakini mimi ningeuacha, hasa kama kioo kiko karibu na kituo cha chaji.

Sasa tuje kwenye ile sauti ya kuzibwa. Zima mashine kabisa. Zungusha kichwa kwa kidole taratibu. Kinatakiwa kuzunguka mduara mzima kwa ulaini, kikikaza kidogo kwa sababu kinavuta mkanda na mota ndogo. Kikikwama sehemu moja kila mzunguko, kuna kitu kimeingia chini yake, mara nyingi nywele iliyojiviringisha. Kikizunguka bila kukaza hata kidogo, mkanda wa mpira umekatika au umechomoka. Kisha washa usikilize: mlio wa kawaida ni wa chini na haubadilikibadiliki. Kikianza vizuri halafu kikapunguza kasi mashine ikishapata joto, kama inavyoonekana kwako, hapo ni mkanda unaoteleza au mota ya kichwa inayochoka. Leza haichoki hivyo. Mota na mkanda kwenye modeli nyingi vinapatikana peke yake, kwa sehemu ndogo ya bei ya kichwa kizima.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye mashine nyingi kifuniko cha juu ya kichwa hakijafungwa imara, kinacheza kidogo kwa makusudi, maana nacho ni bampa: roboti ikijisukuma chini ya kochi fupi, kifuniko kinabonyea na kuiambia isiendelee. Chembe ya mchanga ikikwama hapo, mashine inaamini iko chini ya kitu muda wote. Bonyeza kifuniko pande zote nne, kila upande unapaswa kurudi wenyewe.

Ujaribu vivyo hivyo bampa kubwa ya mbele. Ibonyeze kushoto, kulia na katikati, usikilize swichi na uone kama inarudi. Roboti inayozunguka upande mmoja tu, au inayorudi nyuma hatua fupifupi bila kugusa kitu, mara nyingi bampa yake imekwama upande mmoja. Nazigonga kwa kiganja pembeni, taratibu, na nyingine hupona hapohapo kwa sababu kilichokuwa kimenasa ni punje ya kitu.

Kusafisha lenzi: kitambaa laini kikavu kwanza. Kama kuna mafuta ya vidole, kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, kilichokamuliwa. Dawa za kusafishia vioo ziache, zinaacha utando. Blowa ya fundi ikiwa na nguvu usiielekeze kwenye kichwa kikiwa huru. Itakizungusha kwa kasi ambayo hakikutengenezewa na utaingiza vumbi ndani zaidi. Shika kichwa kwa kidole, puliza kwa mbali.

Kwa shahidi wa chini, ipindue juu ya taulo. Toa gurudumu dogo la mbele, kwenye modeli nyingi linachomoka kwa kuvutwa tu, kisha uchomoe na ekseli yake. Utakuta nywele. Roomba nyingi gurudumu hilo lina nusu nyeupe na nusu nyeusi, na hiyo si rangi ya urembo: kuna sensa inayotazama rangi zikibadilishana ili kujua kama mashine inasogea kweli. Likikwama, au weupe ukifunikwa na uchafu, mashine inadhani imesimama. Halafu geuza yale makubwa mawili kwa mkono na ulinganishe ukazaji wake. Moja likiwa zito kuliko jingine, umeshapata chanzo cha ramani kuinama. Kipimo cha uhakika zaidi: tumia vitufe vya kuiendesha kwenye simu, ipeleke mbele kwa kufuata mstari wa vigae au mbao za sakafu. Ikivuta upande bila kuelekezwa, gurudumu la upande huo linaburuza au mpira wake umeisha meno.

Jairoskopu nayo ina masharti yake. Mashine nyingi hujirekebisha zinapowashwa, na wakati huo zinatakiwa zitulie kwenye sakafu tambarare. Ukiwasha ukiwa umeibeba, au kituo cha chaji kimekaa nusu juu ya zulia, unaanza safari na kipimo kilichopinda. Na mtu akiiinua katikati ya kazi akaiweka chumba kingine, wengine huipa muda ikajitafuta ikafanikiwa, lakini mimi naona heri kuirudisha kwenye kituo na kuanza upya.

Zulia jeusi. Chini ya roboti, karibu na ukingo, kuna sensa kadhaa zinazotuma miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na kusubiri irudi. Isiporudi, mashine inaelewa kuna ngazi. Rangi nyeusi humeza miale hiyo, kwa hiyo kwake zulia lako ni shimo. Futa vidirisha vyake kwanza, maana vumbi huongeza tatizo. Kisha weka karatasi nyeupe juu ya zulia uiendeshe juu yake: ikipita bila wasiwasi, sensa ni nzima. Unaweza pia kuzitazama kupitia kamera ya mbele ya simu mashine ikiwa kazini, umeiinua kidogo. Simu nyingi zitakuonyesha vitaa vya zambarau. Kimoja kisipowaka wakati wenzake wanawaka, hicho ndicho kibovu. Kuna watu wanashauri kubandika utepe mweupe juu ya sensa hizo ili mashine isiogope tena zulia. Inafanya kazi, lakini kama nyumba ina ngazi popote, usifanye. Itaanguka.

Kufuta ramani na kuanza upya, jambo ambalo wengi wanakushauri hapa juu, mimi naliweka mwisho. Ukifuta kabla ya kurekebisha chanzo, utapata ramani nyingine mbovu na utapoteza maeneo uliyoyagawa kwa taabu. Rekebisha, weka kituo mahali ambapo hakihami tena, kiachie kama nusu mita kila upande na mita moja na nusu mbele, mbali na jua la moja kwa moja na vioo, ndipo ufute. Programu yako ikikubali kuhifadhi nakala ya ramani, hifadhi.

Kichwa kibovu kweli kipo, sikatai. Utakijua hivi: kinazunguka vizuri, lenzi ni safi, lakini ramani inabaki tupu au mashine inalalamika papo hapo ikiwashwa, kabla haijasogea. Hapo kama dhamana haijaisha usiguse skrubu hata moja, irudishe ulikonunua. Kama imeisha, fungua kwanza, usome namba iliyochapwa kwenye kichwa chenyewe, na uagize kwa namba hiyo, kwa sababu jina la modeli lililoandikwa kwenye kifuniko halitoshi kukuhakikishia kwamba soketi ya waya itaingia.

Kwa maelezo yako ningeanza na mkanda na mota ya kichwa, kisha gurudumu dogo la mbele. Ukishalichomoa hilo gurudumu, weka picha yake hapa pamoja na picha ya ramani ilivyokuwa pale ilipoanza kupinda.