Umechaguliwa SUA? Kijue chuo kabla ya kuijua ratiba

Kila anayechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ana shangazi au mjomba wa kumuuliza: "Kwa hiyo mwanangu, unasoma miaka yote hiyo ili ukalime?" Mimi niliulizwa msibani, mbele ya ukoo, na nusu ya turubai ikacheka. Tangu nimalize pale, vijana wanaojiandaa kuripoti Morogoro hunitafuta kwa ushauri, na karibu wote huuliza yale yale: hosteli, bumu (ile pesa ya mkopo ya kujikimu), na kozi ipi ina sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio. Hayo utayajua wiki ya kwanza bila msaada wangu. Ninachokushauri ni kuijua historia ya chuo mapema, kwa faida yako mwenyewe. Ukijua kila kitu pale kimetokea wapi, utajua pia pa kwenda kutafuta elimu isiyokuwemo kwenye silaidi za mhadhiri.

Anza na mwaka 1965. Nchi ilikuwa changa, wakulima tele, wataalamu wa kuhesabika. Aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, na wa tiba ya mifugo akaelekea Kabete, Nairobi. Ndipo kikafunguliwa Chuo cha Kilimo Morogoro, kikitoa stashahada. (Jirani zetu Wakenya wana Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, iliyoanza mwaka 1939 kwa ajili ya kufundisha kilimo vijana wa Kizungu. Cha kwetu kilizaliwa baada ya uhuru, na tofauti hiyo si ndogo.) Mwaka 1969 kikapandishwa kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na chuo hicho kilipovunjwa mwaka uliofuata, kitivo kikawa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Misitu ikaongezwa 1974, tiba ya mifugo 1976.

Enzi zetu watu wa kilimo waliwatania wa mifugo kwamba wao ni wageni wa juzi, wamekaribishwa tu. Utani huo una faida yake, kwa sababu unakuchanganya na watu wa fani nyingine. Ukipata rafiki wa misitu, mwombe akusimulie mafunzo ya Olmotonyi, kule kwenye miteremko ya Mlima Meru ambako chuo kina msitu wake wa mafunzo, au Mazumbai, msitu wa asili wa Usambara Magharibi ulio chini ya chuo. Mtu wa uchumi kilimo asiyewahi kukanyaga msitu ataandika ripoti ya mkaa bila kumjua mchoma mkaa.

Jina lilikuja kwa msiba. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, akafariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoa huu huu wa Morogoro. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria Namba 6, na Julai kitivo kikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake. Alikuwa Mmasai wa Monduli, mtu wa jamii ya wafugaji. Hadi leo chuo hufanya Kumbukizi ya Sokoine: mada za watafiti, midahalo, maonyesho, viongozi. Wanafunzi wengi huzigeuza siku hizo kuwa za kufulia na kulala. Wewe nenda. Kaa nyuma kama una aibu, ila sikiliza maswali ya wakulima na maofisa ugani, uyaandike. Mwaka wa mwisho wenzako watakapokuwa wanahaha kutafuta mada ya utafiti, wewe utakuwa unachagua.

Ukipangiwa Kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu, usilalamike kwamba umetupwa mbali na kampasi kuu. Pale palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Serikali ikawapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na mwaka 1978 ikaanza shule ya vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maandamano ya Soweto ya 1976. Mahlangu mwenyewe, mpiganaji wa ANC ambaye shule ilipewa jina lake, alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Wenzake wa Mazimbu walijenga madarasa, wakalima na kufuga ili wajilishe. Mwaka 1992 wakayakabidhi yote kwa Tanzania, na SUA ikarithi. Makaburi yao yapo. Nenda wiki zako za mwanzo, usome majina. Baadhi yao walifika pale wakiwa na umri wako, na hawakurudi kwao.

Sasa shamba, na hapa sitaki utani. Ratiba itakupa saa zake za mafunzo kwa vitendo, lakini wanaosaini mahudhurio na kukaa chini ya mwembe ni wengi kuliko wanaoshika jembe. Tafuta watafiti wa maharage. Mbegu iitwayo SUA 90 imebeba jina la chuo, na Rojo, Pesa na Mshindi nazo zilitoka kwa watafiti wa pale. Omba kusaidia hata kwa kumwagilia, mpaka siku watakayokuachia kibano. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijachanua, kwa hiyo anayetaka kuzalianisha aina mbili lazima aliwahi lingali limefumba. Unalifungua kwa ncha ya kibano, unanyofoa stameni, vile vijiti vya kiume, moja moja kabla hazijamwaga chavua, bila kukivunja kile kijiti cha kike kilichojikunja katikati kama mkia wa kinyonga. Halafu unapaka chavua ya baba, unafunga lebo kwa uzi. Mkono ukitetemeka, ua linadondoka, unahamia jingine. Baada ya asubuhi moja ya kazi hiyo, utaelewa kwa nini mbegu bora haipatikani kwa msimu mmoja.

Na Magadu, kwenye ng'ombe wa maziwa wa chuo, wahi saa ya kukamua. Angalia mkamuaji mzoefu anavyoanza: matone ya kwanza ya kila chuchu hayaingii kwenye ndoo, anayakamulia kwenye kikombe cheusi, ayatazame kama yana mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Wafanyakazi wa shamba ndio walimu wako wengine. Waamkie "shikamoo" kama unavyowaamkia maprofesa, uliza, kisha nyamaza. Mzee mmoja wa zizini alinifundisha kumtambua ng'ombe aliye kwenye joto kwa namna anavyosimama tu akipandwa na mwenzake, na mtihani ulipokuja niliandika maneno yake karibu yote.

Usimalize chuo bila kuwaona panya. Wageni hutoka Ulaya kuja kuwatazama, nasi tulikuwa tunapita nje tukielekea kula. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifanya kazi na SUA kuwafunza panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Panya anafungwa mkanda kifuani, anatembea kando ya kamba iliyonyooshwa uwanjani, pua chini. Akinusa baruti anakwangua udongo, mkufunzi anabonyeza kidude kinacholia "tiki", naye anakimbilia kipande chake cha ndizi. Hana uzito wa kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa pale SUA, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, likamtunuku nishani ya dhahabu. Mpaka anakufa, Januari 2022, alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Kama unasoma fani ya wanyama na hukuomba hata wiki moja ya kujitolea pale, sijui unasubiri nini.

Mwisho ni Nane Nane. Kila Agosti chuo huwa na banda kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere hapa Morogoro, na huhitaji wanafunzi wa kutoa maelezo. Jiandikishe mapema, nafasi huisha. Usikariri bango. Mkulima wa Kilosa hatakuuliza jina la kisayansi la mdudu, atakuuliza mbegu hii inauzwa duka gani, mfuko bei gani, na mvua ikichelewa inakuwaje. Kama hujui, mwambie hujui, chukua namba yake ya simu na jina la kijiji chake, kisha mtafute mhadhiri jioni ile ile. Mpigie mkulima huyo kabla ya mvua za vuli. Na uvae viatu vya kufunika, vumbi la pale halina huruma.