Bima na chanjo ukija Ujerumani na familia: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Umepata mkataba wa Ausbildung (mafunzo ya kazi yenye mshahara) ya uuguzi Ujerumani, mke na mtoto wa miaka miwili watakufuata. Je, ukate bima ya mwaka mzima hukohuko Dar, na je, mtoto atachomwa upya sindano zote alizomaliza kliniki? Mimi nilifika Leipzig mwishoni mwa 2020 kwa njia hiyohiyo, familia ikanifuata 2023. Nakujibu kwa niliyopitia.

Bima ya mwaka achana nayo. Ubalozi unachotaka ni bima ya safari ya kuziba zile siku kati ya kutua na mkataba kuanza. Mkataba ukishaanza wewe ni mwajiriwa, na mwanafunzi wa Ausbildung lazima awe kwenye bima ya umma, apende asipende. Unachagua mfuko mmoja (wenyewe wanaita Krankenkasse, kwa kifupi Kasse), unampa mwajiri jina lake, yamekwisha. Makato ni asilimia 14.6 ya mshahara, juu yake kuna nyongeza ambayo kila mfuko unajipangia, na jumla yake mnagawana nusu kwa nusu na mwajiri.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naona euro 90 na ushee zinakwenda kila mwezi, nami mzima wa afya, roho inauma. Halafu kidole tumbo kikanilaza. Upasuaji, siku nne wodini, chakula juu yao. Bili iliyonifuata nyumbani ilikuwa euro 40. Ni euro 10 kwa siku, na hata ukilala miezi miwili hulipi zaidi ya siku 28 kwa mwaka. Dawa za cheti unachangia euro 5 hadi 10 kwa kila aina, na watoto chini ya miaka 18 hawachangii. Tangu hapo sijanung'unika tena, labda kwenye miwani, maana hiyo mtu mzima kwa kawaida anajinunulia mwenyewe.

Mke asiye na kipato anaingia kwenye bima yako bila makato kuongezeka, na mtoto hivyohivyo. Wanaokupigia debe la bima binafsi hawalisemi hilo. Kule kila kichwa kinalipiwa chake.

Ila kwa mke ndipo tulipoungua. Tulimkatia bima ya safari ya bei poa kwa ajili ya viza, akafika mwezi wa tisa akiwa na mimba changa (likizo yangu ya mwezi wa sita ilikuwa imejibu). Wiki ya pili akaona damu. Nikamkimbiza kwa daktari wa wanawake, kadi yake ya Kasse bado haijaja. Akapigwa ultrasaundi, akatolewa damu ya vipimo, mimba ikaonekana iko salama, tukarudi nyumbani tunacheka. Baada ya siku kadhaa ikaja bili ya euro 186. Nikaituma kwa watu wa bima ya safari, wakajibu kwa mistari miwili: mimba ilikuwepo kabla bima haijaanza, hawalipi. Nikarudi kusoma masharti, kweli yamo, kwa maandishi ya kuchosha macho. Uvivu wangu mwenyewe.

Aliyenitoa ni dada mmoja mtu mzima tunayefanya naye kazi wodini. Akaniuliza, "Mkeo alihamia kwako lini?" Nikamtajia tarehe. Akasema basi bima yake ya familia inahesabika tangu alipohamia, kadi ni plastiki tu inayochelewa posta. Nipigie Kasse, niombe barua ya muda inayothibitisha kwamba ana bima, niipeleke kliniki kabla robo ya mwaka haijafungwa. Huku hesabu za madaktari zinaenda kwa miezi mitatu mitatu, na ukileta uthibitisho kabla ya robo kuisha bili wanaielekeza kwa Kasse. Hiyo ilikuwa tarehe 24 Septemba. Barua ikaja kwa faksi (ndiyo, faksi, Ujerumani hii hii), tarehe 28 nikawa dirishani. Yule dada wa mapokezi akaitazama, akabonyeza bonyeza, akaichana bili mbele yangu. Sasa usisubiri damu kama mimi. Siku mkeo anapotoka ofisi ya kuandikisha makazi, fomu ya bima ya familia ijazwe jioni hiyohiyo.

Tuje kwenye chanjo. Sheria yenye meno ni ya surua, ilianza tarehe 1 Machi 2020. Inawagusa watoto wa chekechea na shule, na inakugusa wewe pia, kwa sababu wafanyakazi wa hospitali waliozaliwa baada ya 1970 lazima waonyeshe kwamba wamechanjwa au wana kinga. Watu wanakuja wamebeba vyeti vya kidato cha nne vilivyogongwa mihuri sita, kadi ya chanjo hawana. Mimi nilikuwa mmojawapo. Nikampigia mama Tanga aitafute kadi yangu ya utotoni, akacheka kwanza. Daktari wa kazini akanipa njia mbili: kupima kinga kwenye damu, kipimo ambacho ningelipa mwenyewe, au kuchomwa sindano mbili zilizopishana wiki nne, bure. Nikachagua sindano. Chanjo ikirudiwa haikudhuru. Mama aliipata kadi miezi mitatu baadaye chini ya sanduku, akanitumia picha: BCG (chanjo ya TB) inasomeka, polio inasomeka, mstari wa surua umeliwa na mende.

Mkeo akiwa mjamzito, chanjo hii ya surua hachomwi, kwa kuwa ina virusi hai waliodhoofishwa. Ambaye bado hajabeba mimba amalize mapema.

Mtoto wako hataanza upya, mradi kadi ya kliniki ipo na tarehe zinasomeka. Nyumbani tunachoma surua-rubela miezi 9 na miezi 18, na chekechea ya huku mtoto akitimiza miaka miwili inataka dozi mbili za surua. Bila hizo mlango wa chekechea unafungwa. Shule haiwezi kumkataa kwa sababu masomo ni ya lazima, lakini mzazi anaweza kutozwa faini hadi euro 2,500.

Daktari wa watoto aliishika kadi ya wangu kama mtu anayesoma ramani, kidole kikashuka mpaka kwenye "MR 2" (dozi ya pili ya surua-rubela), akauliza, "Na matumbwitumbwi iko wapi?" Haimo kwenye ratiba yetu. Sheria haiidai, ila alishauri aongezewe, pamoja na tetekuwanga, nasi tukakubali, yote kwa gharama ya Kasse. Zilizobaki alizinakili kwenye kitabu chao cha njano. Kisha akamvua mtoto fulana akaona kovu la BCG, akamwita na msaidizi wake aje kuangalia. Wao waliacha kuishauri chanjo hiyo 1998. Kwa sababu ya kovu hilohilo, ukipimwa TB kazini omba kipimo cha damu. Kile cha ngozi kinaweza kuvimba kwa BCG tu, ukajikuta unapelekwa eksirei bure.

Mwisho, homa ya manjano. Ukitoka Ujerumani moja kwa moja kuja nyumbani hudaiwi kadi ya chanjo hiyo. Ukikaa uwanjani Addis Ababa zaidi ya saa 12, unadaiwa. Kadi yangu ilijazwa 2014 na juu yake imeandikwa miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi zote, hata za zamani, ni za maisha. Afisa akikuonyesha kidole kwenye hiyo miaka 10, mtajie tarehe hiyo kwa upole. Usikubali kuchomwa tena.