Kuzima mng'ao wa kioo kwenye mkanda wa saa: ushauri kwa wanaoishi na chumvi na mchanga

Ukivaa saa yenye mkanda wa chuma uliong'arishwa hapa Lamu, pingili za kati ndizo zinazoumia kwanza. Mchanga wa Shela, kijiji cha hapa kisiwani, una chembe za kwatzi, madini ambayo kwa kipimo cha ugumu cha Mohs hufika 7, na chuma cha saa ni laini kuliko hapo. Egemeza mkono kwenye ubavu wa mashua, kaa kwenye baraza ya mawe, shika kamba ya tanga: kila mahali saa inachukua mkwaruzo. Kwenye uso wa chuma unaong'aa kama kioo, mkwaruzo mmoja unaonekana na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza. Kwenye uso uliosuguliwa ukawa na mistari midogo sambamba, unapotelea humo humo.

Saa yangu ni Rolex GMT-Master II 116710LN, aina iliyotoka mwaka 2007. Mkanda wake una safu tatu za pingili. Za pembeni zina mistari, za kati zinang'aa. Submariner ya kampuni hiyo hiyo ina mistari kwenye safu zote tatu. Kwa hiyo nilipoamua kuzisugua zile za kati, niliipa saa sura ambayo kiwanda chenyewe huitoa, na sijawahi kuijutia. Aliyenisukuma ni ami yangu, ambaye ni nahodha. Tulikuwa tunavuka kwenda Manda jua la utosi, akageuza uso akaniambia, "Mwanangu, saa yako yanichoma macho. Ifunike."

Kabla hujashika chochote, jua mkanda wako umeundwa kwa nini. Kama pingili za kati ni za dhahabu, ziache. Dhahabu ni laini na kila chembe inayotoka ni mali. Kama ni chuma kilichopakwa dhahabu, au saa nyeusi iliyopakwa rangi kiwandani, utakwangua ile tabaka ya juu na hairudi. Na kama ni Audemars Piguet Royal Oak, ile iliyochorwa na Gérald Genta na kutoka mwaka 1972, tafadhali mpelekee fundi wa kampuni. Uzuri wa mkanda ule uko kwenye vile vikingo vyembamba vinavyong'aa kati ya nyuso zenye mistari, na mkono wa nyumbani hauwezi kuvilinda.

Jambo la pili ni kwamba njia hii ina mteremko upande mmoja tu. Kutoka kioo kwenda mistari ni kazi ya muda mfupi mezani kwako. Kutoka mistari iliyozama kurudi kioo ni kazi ya fundi mwenye gurudumu la kung'arishia, na kila akipitisha gurudumu chuma kinapungua, kingo zinalegea na kuwa mviringo. Wanaokusanya saa wanaziangalia kingo kabla ya kitu kingine. Tuna masonara hodari mjini hapa, nawaheshimu sana, lakini gurudumu lililozoea bangili za fedha silipendekezi kwa mkanda wa saa.

Sasa kifaa. Usitumie sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria yaliyoungua. Hapa ndipo watu wengi wa pwani wanaumizwa. Chuma kisichoshika kutu hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu. Sufi ya chuma huacha vichembe vya chuma cha kawaida ndani ya mistari, na kwa unyevu wa chumvi tulio nao vinaanza kutoa kutu ya rangi ya chai. Mwenye saa atadhani ameuziwa bandia. Haijalishi kama saa yako ni ya chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L kama nyingi zilivyo, au ya 904L ambacho Rolex walianza kukitumia mwaka 1985: kutu ile imeletwa na sufi.

Tumia pedi ya kusugulia ya Scotch-Brite, ya nyuzi zisizo za chuma. Ile ya rangi ya damu ya mzee inatoa mistari inayoonekana vizuri, na ya kijivu ni laini zaidi. Anza na kijivu. Jaribu kwanza kwenye pingili ya akiba, zile fundi alizozitoa alipopunguza mkanda. Hata hivyo zote itabidi zisuguliwe, maana siku ukiongeza moja mkononi itang'aa peke yake kama jino la dhahabu.

Vua mkanda kwenye saa kabisa, usisugue ukiwa umeshikana nayo. Ulaze juu ya ubao ulionyooka, uvute kidogo ili pingili zisilegee, uubane ncha zote mbili. Funika safu za pembeni kwa selotepu, ukiibonyeza kwa ukucha mpaka iguse ukingo wenyewe, ibaki njia moja nyembamba ya pingili za kati. Kata pedi upana wa njia hiyo na uizungushie kipande kidogo cha mti chenye uso bapa. Ukisukuma kwa kidole kitupu, nyama ya kidole itazama kati ya pingili na kuzila kingo.

Kisha vuta kwa urefu wa mkanda, upande mmoja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama katikati. Usirudishe mkono ukiwa umegusa. Mkono uwe mwepesi. Mwelekeo ndio unaotengeneza kazi hii; nguvu inaiharibu. Baada ya mivuto michache, peleka mkanda dirishani uutazame kwa ubavu. Ukiona mistari imekaa sambamba na ile ya pembeni, simama hapo.

Ukimaliza, osha kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, ukiingia kati ya pingili. Vumbi la pedi likibaki mle ndani linasaga pini, na mkanda unalegea.

Uso wa mistari hushika chumvi kuliko uso wa kioo, kwa hiyo kila ukitoka baharini suuza kwa maji matamu. Maji ya visima vya Shela, yanayohifadhiwa na matuta ya mchanga wa pale pale, yanatosha pale yanapotoka matamu; kisima chako kikiwa kimeingiwa na chumvi, tumia maji ya mvua. Ukipata alama mpya, funika pembeni tena na upitishe pedi kavu ya kijivu kwenye pingili hiyo na jirani zake, mwelekeo ule ule.